Ukikata kanga ya bibi, jina unaliweka wapi?

Chaki na Mkasi (Mtwara)

Habari zenu wadau. Wakubwa, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, niko Magomeni hapa Mtwara mjini, huu ni mwaka wangu wa 11. Desemba na Januari nashona sare za shule. Zikija shughuli nashona vitenge vya sare, na msimu wa korosho ukifunguka, watu wakishalipwa, nakesha na cherehani mpaka miguu inavimba. Wateja ninao, namshukuru Mungu. Linalonisumbua ni jingine, mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Miaka yote hiyo sikumbuki nguo hata moja niliyoikata kwa kuiwaza mwenyewe. Mteja anakuja na simu mkononi. "Fundi, nataka kama hili, ila mkono ushuke kidogo." Naikuza ile picha kwa vidole, natazama mshono umepita wapi, zipu iko upande gani, nampima, naandika kwenye daftari, nakata. Anafurahi, ananilipa. Kuna gauni moja la mabega ya kuvimba nadhani nimelishona zaidi ya mara 40, na aliyelibuni simjui wala yeye hanijui. Usiku nikizima taa huwa najiuliza, katika nguo zote hizi zinazotembea Mtwara, ni ipi mtu akiiona atasema huu ni mkono wa fulani?

Mwaka juzi bibi yangu mzaa mama alifariki, kijijini karibu na Kitangari, kule Newala. Vitu vyake vilipogawanywa mama alinipa mimi doti tatu za kanga, akasema wewe ndiye wa vitambaa. Nikaziweka sandukuni nikawa naogopa kuzifungua. Mwezi uliopita nimezitoa, nikazianika kivulini, nikazisoma moja moja.

Ya kwanza imeandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Hiyo ni ya enzi za ugomvi wake na mke mwenza, mama alishanisimulia. Ya pili, "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu." Hiyo alikuwa akienda nayo misibani, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama nepi. Ya tatu ndiyo iliyonishika. Ni ya manjano, imekolea bado, mji wake, pale katikati ndani ya pindo, umejaa maua ya korosho meusi, na jina lake ni "Japo sipati tamaa sikati." Hakuna mtu nyumbani anayejua aliinunua lini. Mama anasema hajawahi kumwona ameivaa.

Nimekata shauri kushona gauni. Langu, la mwili wangu, kwa pateni nitakayoichora mimi. Nataka bibi awemo na mimi niwemo.

Hapo kwenye jina ndipo nilipokwama. Nikikata kama ninavyokata siku zote, kifua mbali, mgongo mbali, mikono mbali, yale maneno yanakatikia kwapani au yanamezwa na zipu. Nimeyaona magauni ya kanga hapa mjini, ubavu mmoja unasoma "Japo sipa", mwingine "sikati", katikati hakuna kitu. Mtu alikuwa na neno lake, fundi kalikata ulimi.

Mliowahi kukata kanga kwa nguo ya kutokea, jina mlilipeleka wapi? Na pateni mnachora kwanza kwenye karatasi, au mnakata kwa jicho? Mimi nilifundishwa kwa jicho. Aliyenifunza alikuwa akisema karatasi ni ya fundi asiyejiamini, nami nikazoea hivyo. Lakini kanga hii ni moja, nikikosea hakuna duka litakalonipa nyingine.

Vipimo kwa atakayetaka kunisaidia kwa hesabu. Pande moja ni sm 150 kwa 110. Pindo lina sm 12 pande zote. Jina, kuanzia J ya kwanza mpaka i ya mwisho, sm 54. Mgongo wangu bega kwa bega sm 39. Kifua 96.

Uzi Mweusi (Masasi)

Dada hongera, na pole kwa kufiwa na bibi.

Mimi nilisoma ushonaji chuo cha ufundi cha VETA na nakuomba, kwa hili, jicho liweke kando. Kukata kwa jicho kunafaa nguo ambayo mwili wako umeshaizoea, kama hizo sare unazoshona umelala. Nguo ambayo haijawahi kuwepo jicho litaitolea wapi?

Fanya hivi. Chukua karatasi, punguza kila kipimo mara tano. Kanga yako ya 150 kwa 110 inakuwa sm 30 kwa 22, karibu sawa na karatasi ya A4. Chora pindo la sm 2.4 kuzunguka, chora mstari wa jina wa sm 10.8 pale lilipo. Toa kopi kumi. Kisha chora mgongo wako, mkono, kifua kwa kipimo hichohicho kidogo, vikate, vipange juu ya hiyo kanga ya karatasi. Ukiharibu umeharibu karatasi ya shilingi mia. Mimi huwa napanga usiku mezani baada ya kula, na mara nyingi mtindo wenyewe unajitokeza pale, maana unaona kipande kilichobaki kinataka kuwa kitu gani.

Si jambo la kitoto. Kuna mwanamke Mfaransa, Madeleine Vionnet, aliyezaliwa 1876, ukisoma habari za kukata hanamu, yaani mshazari, lazima umkute. Huyo alikuwa akibunia kwenye mwanasesere mdogo wa mbao, akisharidhika ndipo anakuza kwa mwili wa mtu.

Ukitoka hapo chora pateni ya ukubwa kamili. Mimi natumia karatasi za ndani za mifuko ya saruji, naomba kwa mafundi ujenzi, nakung'uta, napiga pasi ya moto mdogo. Haichaniki na inakaa miaka. Halafu shona gauni la majaribio kwa kitambaa cha bei ndogo kabla hujaigusa kanga.

Kuhusu jina, hesabu yako mwenyewe inakujibu. Sm 54 haliingii kwenye mgongo wa sm 39. Liweke kwenye upindo wa chini wa sketi, nyuma, ambako kuna upana wa kutosha. Wengi wanafanya hivyo.

Jambo la mwisho, na usilipuuze. Kanga nyingi chapa yake haiendi sawa na uzi. Vuta uzi mmoja unaokwenda upande wa jina, kutoka ukingo mpaka ukingo, uone mstari unaobaki, kisha upime na mstari wa maandishi. Vikipishana fuata uzi. Nguo iliyokatwa kinyume cha uzi inajisokota ikifuliwa.

Ghala la Korosho

Samahani kwa kuingilia. Ukilimaliza utaliuza bei gani? Mke wangu amesoma hapa ananisumbua.

Chaki na Mkasi (Mtwara)

Kaka, hilo haliuzwi. Mwambie shemeji aje na kanga yake, na aje na muda.

Uzi Mweusi, asante mno mdogo wangu. Kopi nimeshatoa. Ila huko chini kwenye sketi moyo unakataa na sijui kwa nini. Nitakaa mezani nione.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Mwanangu, mimi nitasema lililo moyoni, usinichukie.

Usiikate. Kanga si kitambaa cha jora. Mtoto anazaliwa anapokelewa na kanga, mwali akitoka unyagoni anatunzwa kanga, na sisi wanawake tukifa tunafunikwa kanga. Bibi yako aliiweka doti ile nzima miaka yote hiyo, haikuguswa na mkasi. Umewahi kujiuliza kwa nini hakuivaa? Mimi nina kanga mbili za namna hiyo. Moja nilinunuliwa na mtu ambaye sikuolewa naye. Siivai, siitupi, na wanangu hawajui. Neno la kwenye kanga ni la mtu kwa mtu. Wewe hujui lile neno bibi yako alikuwa anamwambia nani, unataka kulivaa gulioni?

Na jambo jingine. Jina likiwa juu ya mwili wako, anayesema ni wewe. Hatasema bibi. Watu wa Magomeni watasoma "Japo sipati tamaa sikati" wataanza kuhesabu, fundi huyu anamtamani nani? Ulishalipima hilo?

Ukiona lazima, basi kumbuka doti ni mapande mawili. Kata moja. Moja libaki kama alivyoliacha.

Chaki na Mkasi (Mtwara)

Shikamoo Bi Mkubwa. Sikuchukii hata kidogo, nimelisoma neno lako mara tatu, na leo sikushika mkasi wowote zaidi ya wa sare.

Sijui bibi alimwambia nani. Lakini ulipouliza mimi namtamani nani nimejikuta nina jibu. Tangu nikiwa msichana wa kufagia nyuzi kwa fundi aliyenifunza, nilikuwa nachora magauni kwenye makaratasi ya kufungia vifungo. Nilimwonyesha siku moja. Akaniambia chora baadaye, sasa piga pasi. Hiyo baadaye imekuwa miaka 11. Zile doti nyingine mbili ni za bibi kweli, ugomvi wake na misiba yake, siwezi kuzivaa mimi. Hii ya tatu naweza kuisema kwa kinywa changu bila kudanganya.

Nitakata pande moja. La pili halitaguswa. Hilo nakuahidi.

Mzee wa Taharizi (Kilwa Masoko)

Assalaam aleikum. Mimi nashona kanzu tangu 1979, macho yamepungua lakini vidole vinaona.

Bi Mkubwa amesema kweli tupu kuhusu neno. Kuhusu mkasi, aniruhusu niongeze kitu tulichosimuliwa na waliotutangulia. Kanga yenyewe ilizaliwa na mkasi na sindano. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyoletwa na Wareno, jina lenyewe la leso ni lao. Wakinunua sita hazijatenganishwa, wakazikata tatu na tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, ikatoka nguo moja pana. Baadaye ndipo wafanyabiashara wakaanza kuzichapa nzima nzima, na maandishi yakaja baadaye tena, mwanzo kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo binti akikata kwa adabu, anafanya walichofanya wenyewe.

Sasa kazi. Binti yangu, tatizo lako ni hilo shimo la mkono. Umelelewa kwenye nguo ya Kizungu, mkono unatengwa, kiwiliwili kinatengwa, halafu vinakutanishwa begani kwa mshono wa duara. Ukiukata hapo maneno yatakatika tu, hata uyapange vipi. Kanzu haiendi hivyo. Kanzu niliyofunzwa mimi, badani, yaani kipande cha kiwiliwili, inapita, mkono unanyooka nayo, na chini ya kwapa panatiwa kikwapa, kipande cha mraba kilichogeuzwa pembe juu pembe chini. Ubavuni zinakwenda taharizi zikipanuka kushuka chini. Hakuna mkunjo wa kifuani, hakuna zipu. Kitambaa chote ni mistari iliyonyooka, ukimaliza unachofagia chini ni nyuzi.

Kata mgongo na mikono kuwa kipande kimoja. Maneno ya sm 54 yatapita mgongoni na kuvuka mabega yako kwenda mkononi, sm 7 na nusu kila upande, na hakuna mshono utakaoyagusa. Lakini kikwapa usikisahau. Vijana wanakiona kama pambo. Bila kikwapa nguo ya namna hiyo, ukinyanyua mkono gauni zima linapanda.

Gauni la majaribio lishone kwa marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Iliitwa hivyo kwa sababu meli za Marekani ndizo zilizoileta kwa wingi Unguja karne ya 19. Ni pamba kama kanga, haitakudanganya.

Na swali langu moja. Ukiwa kazini, watu wanakuona upande gani?

Uzi Mweusi (Masasi)

Mzee wangu shikamoo. Kwenye mkono nimekubali na nimejifunza. Ila kuhusu uzi bado. Akikata mgongo na mikono pamoja kipande kinakuwa na upana wa sm 150. Chapa ikienda upande hata kidogo, mkono mmoja utashuka kuliko mwingine.

Mzee wa Taharizi (Kilwa Masoko)

Marahaba binti. Kwa gauni la kubana mwili nakubaliana nawe. Hili ni nguo pana, inaning'inia begani, kosa dogo la uzi litamezwa na upana. Lakini maandishi yakipinda mgongoni kwa mtu, hata mtoto wa darasa la pili ataona. Kosa likizidi sm 2, asikate kabisa. Likiwa chini ya hapo, afuate herufi.

Chaki na Mkasi (Mtwara)

Mzee shikamoo. Swali lako limenifanya niinuke kwenye kiti nikatazama chumba changu upya.

Ofisi yangu ni chumba kimoja, mlango unafunguka barabarani. Mafundi wengi wanakaa wanatazama nje. Mimi cherehani yangu ya miguu iko kwenye dirisha la uani, kwa sababu upande wa barabara kuna banda linaziba mwanga na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi siuoni. Kwa hiyo anayeingia anakuta mgongo wangu. Miaka 11 watu wanaongea na mgongo wangu kwanza, ndipo nageuka.

Basi jina litakaa mgongoni, na nimeshajua kwa nini sketi ilinikataa. Nikikaa kwenye kiti, sketi inakunjika na maneno yanakaliwa.

Nitawaletea majibu.

Chaki na Mkasi (Mtwara)

Wiki tano zimepita, nisameheni. Sherehe za kuwatoa wanawali unyagoni zilikuwa nyingi na kila familia inataka sare yake. Nimelimaliza juzi Alhamisi. Naeleza lote, hata nilipokosea, kwa atakayetaka kujaribu.

Kanga za karatasi nilimaliza 17. Tatizo lililonilaza macho ni kwamba jina liko chini ya pande, limekaa juu ya pindo. Juu yake kuna mji mwingi, chini yake kuna sm 12 za pindo halafu kitambaa kimekwisha. Sasa mtu akitaka jina likae kwenye mafupa ya mabega, kitambaa cha kushuka mpaka kiunoni atakitoa wapi? Nilitaka kuliunga pindo na kitu kingine, nikaona linakuwa kiraka. Usiku mmoja nikaacha kupigana nalo. Nikasema pindo ndilo liwe mwisho wa mgongo wa juu, liende mstari mmoja kutoka mkono mpaka mkono, na chini yake gauni lianze upya kwa kitambaa kingine. Karatasi ya 18 ikakubali palepale.

Kipande cha nyuma nikakikata urefu wa sm 34, upana wote wa sm 150. Kuanzia juu, sm 14 za mji, sm 8 za jina, sm 12 za pindo. Mteremko wa bega nikaukata kwa juu tu, kutoka shingoni kwenda mkononi, ili ule ukingo wa chini usiguswe. Kwa hiyo mikono ni mirefu, inakaribia kifundo cha mkono, na inaishia kwenye pindo la ubavuni la kanga. Nilifikiria kuifupisha kwa ajili ya joto la Mtwara, nikashindwa kulikata lile pindo. Nikiwa kazini naikunja mara mbili. Kipande cha mbele nikakitoa sehemu ya juu ya pande, nikakigeuza ili pindo lake nalo liangalie chini. Maua ya korosho kwenye kanga hii yanatazama kila upande, hivyo hayakuonekana yamepinduka. Katikati nikabaki na ukanda wa sm 42, humo nikapata kaba ya shingo, vikwapa viwili na mfuko mmoja wa kutilia chaki. Zimebaki pembe ndogo ndogo, nimezihifadhi.

Chini nimetia kaniki. Bibi alipokuwa akienda shambani alijifunga kaniki, hiyo naikumbuka kwa macho yangu, nyeusi yenye kijani kwa mbali ikishikwa na jua. Nimenunua mpya sokoni, na tafadhali atakayechanganya kaniki na kanga ya manjano ailoweke kwanza mpaka maji yatoke meupe. Yangu nilibadilisha maji mara sita. Ingenichafulia kila kitu.

Gauni la majaribio la marekani nilishona bila kikwapa. Mzee, nilidharau. Niliona upana unatosha. Nikalivaa, nikakaa kwenye cherehani, nikanyoosha mkono wa kulia kushika gurudumu, na gauni zima likapanda mpaka mkanda wa kifua ukaja shingoni. Nikafumua kwapani, nikatia kikwapa cha sm 12 kwa 12 kama ulivyosema, pembe juu pembe chini. Nilikaa tena nikashika gurudumu, nikainua mkono kuchukua uzi juu ya rafu, nikainama kuokota bobini. Nguo ilikaa kimya. Nimeshona mikono ya watu mia kadhaa na sikuwahi kuelewa kwapa mpaka siku hiyo. Kuzishona zile pembe nne zitulie bila mfinyo kulinichukua jioni nzima. Siri niliyoipata ni kusimamisha sindano ndani ya kitambaa kila ukifika penye pembe, kuinua mguu wa cherehani, kugeuza, kushusha, na kuacha nusu sm ya mwanzo bila kushona mpaka upande wa pili uje.

Uzi Mweusi, nilivuta uzi kama ulivyosema. Chapa ilikuwa imekwenda upande kwa sm 1 na nusu katika zile 150. Nikafuata herufi. Mkono wa kushoto umeshuka kidogo kweli, ukiupima kwa futi utaona, lakini jina limelala sawa kama mstari wa daftari. Nimelifua mara mbili tayari, halijajisokota. Sindano nilitia namba 11, ile 14 ya sare inatoboa kanga matundu yanayoonekana. Na kwa kuwa kanga inatoa nyuzi sana, mishono yote nimeifunga ndani, nashona kwanza kwa nje nyembamba, napunguza, nageuza, nashona tena. Kwa ndani ni safi kama nje.

Pateni ninayo, imechorwa kwenye karatasi za saruji, vipande saba. Nimeandika jina langu kwenye kila kipande kwa kalamu ya risasi, na tarehe.

Jana nililivaa kazini kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeinama nashona kola za sare, sikusikia mtu akiingia. Nikasikia sauti ya mama mmoja nyuma yangu, anasoma taratibu kama mtu anayesoma barua, "Japo... sipati... tamaa... sikati." Akasoma mara ya pili kwa haraka. Ndipo akapiga hodi.

Nikageuka, nikamkaribisha. Akanizunguka, akashika pindo la mkono, akaangalia kwapani kabisa, akauliza kile kipande cha mraba ni cha nini, nikamnyanyulia mkono nikamwonyesha. Kisha akatoa simu kwenye mkoba.

"Fundi, nirushie na mimi hiyo picha ulikolitoa."

Nikamwambia hakuna picha, mama.